Kuchambua, Isevya

Nesi wa Kitete alinifungua ule mkanda mkononi,
krrraa,
akaandika namba, hakunionyesha.
"Mama Mihayo, unalala?"
Nalala, nikamwambia, ila kinacholala ni kiwiliwili,
mwenyewe nabaki macho nikihesabu marejesho.
Akacheka, si sana.
"Dawa ni hizi. Na kila siku, dakika kumi,
kaa. Usifanye kitu. Isikilize pumzi yako."

Usifanye kitu!
Angeniambia nikalime ekari tatu za tumbaku
ningemwelewa.

Jumatatu nikaweka kigoda nyuma ya nyumba,
nikafumba macho kama nilivyoagizwa.
Pumzi ya kwanza ikaingia.
Ya pili ikaingia na Bwana Kashindye wa kikoba,
daftari kwapani.
Ya tatu ikaja na ada ya Mihayo,
na bati la jikoni linalovuja,
na lile neno alilonitupia wifi yangu mwaka juzi
ambalo hadi leo nalitafutia jibu.
Nikafumbua. Dakika mbili tu zimepita,
na moyo unakwenda mbio kuliko nilivyoanza.

Nikasema: haya ni mambo ya watu wenye nafasi.

Alhamisi umeme ukakatika saa kumi na moja jioni.
Simu imezima, imelala kwenye chaji isiyo na kitu.
Nikashusha ungo, nikapima vikombe vitatu vya mchele,
ule wa bei nafuu,
wenye mawe kuliko njia ya Ipuli,
nikakaa mlangoni, pale mwanga unapokawia kuondoka.

Sijui ilianzaje.
Kidole kikasukuma punje, kikasukuma punje.
Hii nzima. Hii imevunjika kiunoni.
Hii chuya, bado imevaa koti lake.
Hili jiwe,
dogo, jeusi, linang'aa kama jicho la panya.
Nikalitupa, likagonga ndoo: ti.
Nikaisikiliza ile ti mpaka ikaisha.

Bwana Kashindye akaja, si mwenyewe, wazo lake.
Sikumfukuza. Nikamtazama:
wewe chuya. Kaa pembeni.
Akakaa. Akarudi.
Nikamsogeza tena bila kumkaripia,
maana nani hukaripia mchele?
Wifi naye akafika na neno lake.
Jiwe.
Ti.

Goti la kushoto lilikuwa linauma.
Linauma tu;
halikuwa linanitajia tarehe ya kufa.

Kisha upande wa stesheni treni ya Mpanda ikapiga honi,
ndefu, yenye kutu kooni,
nami nikashtuka kuwa nimeisikia.
Miaka kumi na moja naishi Isevya, treni inapita,
na leo ndiyo mara ya kwanza
imepita nikiwepo.

Giza lilipoingia hata punje sizioni
nikaendelea kidogo kwa ncha za vidole.

Baba Mihayo alikula kimya, kama kawaida yake,
tonge la tatu, la nne,
kra.
Akalitoa jiwe mdomoni, akaliweka ukingoni mwa sahani,
akanikazia macho.
"Si ulikuwa unachambua saa nzima?"
"Nilikuwa nachambua," nikasema,
nikaanza kucheka, nikacheka mpaka machozi,
naye, mkono shavuni, akijipapasa jino,
akacheka bila kujua anacheka nini.

Deni liko palepale.
Jumamosi Kashindye atabisha hodi na daftari la kweli,
na huyo hasukumwi kwa kidole.
Usiku ule nililala, nikaamka mara moja tu,
nikasikia mbwa wa jirani, nikamwacha abweke.

Nesi akiniuliza kama nimekaa, nitamwambia bado,
kukaa sijui.
Ila kwenye debe zimebaki kilo nne hazijachambuliwa,
na Mihayo nimemkataza
asiziguse.